Waya Mweusi Usiokumbukwa: Kuunga Taa za LED za Ndani kwenye Paneli ya Swichi ya Boti

Taa za ndani ya boti zikianza kufifia na kuchezacheza, mkono wa kwanza huenda kwenye taa yenyewe. Inanunuliwa nyingine, inafungwa, inawaka siku chache, kisha inarudia yaleyale. Baada ya hapo lawama zinahamia kwenye swichi. Kwa boti za faiba na mashua zinazolala pale Deep Sea, Tanga, jambo hili ni la kila msimu, na mara nyingi taa haikuwa na kosa wala swichi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye waya mweusi wa hasi. Waya huo hauna swichi, hauna fyuzi, hauna cha kubonyeza, na ndiyo maana hakuna anayeukumbuka. Ukiuelewa, paneli iliyojaa nyaya za kila rangi inageuka kuwa kitu cha kusomeka.

Boti nyingi hapa zimefungwa umeme na mafundi wa magari wa mjini. Ni mafundi hodari, na umeme wa volti 12 wanaujua vizuri. Lakini gari limewazoesha jambo moja ambalo baharini halipo. Kwenye gari, hasi ya betri imefungwa kwenye bodi ya chuma. Taa inapelekewa waya mmoja wa chanya, na umeme unarudi wenyewe kupitia bodi. Waya mmoja kwa kila taa, kazi imekwisha.

Boti ya mbao au ya faiba haina bodi ya kurudishia umeme. Kila taa inahitaji waya wa kwenda na waya wa kurudi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi aliyezoea gari akifika omo, yaani mbele ya boti, na waya wake mmoja, anatafuta chuma kilicho karibu: bolti, au hasi ya taa nyingine iliyokuwepo, au kipande cha waya wa zamani ambacho hakuna ajuaye kinatokea wapi. Anaunga hapo. Taa inawaka siku hiyo, mwenye boti anafurahi, na ubovu umeshaanza. Hata boti ya chuma au ya alumini hairuhusiwi kutumiwa kama bodi ya gari, kwa sababu umeme unaozagaa kwenye chuma kilicho ndani ya maji ya chumvi unakila chuma hicho taratibu, na mwenye boti hugundua pale ngama, ile sehemu ya chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika, inapojaa bila sababu.

Basi tufuate safari yenyewe. Umeme unatoka kwenye chanya ya betri, unapita kwenye fyuzi kuu, kisha kwenye swichi kuu ya kukata umeme wote, halafu unaingia kwenye paneli. Ndani ya paneli unapita kwenye fyuzi ndogo, kwenye swichi, na kutoka kwenda kwenye taa. Ukishafanya kazi kwenye taa unarudi kwa waya wa hasi hadi kwenye kipande cha shaba chenye skrubu nyingi, mahali hasi zote za boti zinapokusanyika. Nitakiita shaba ya hasi. Kutoka hapo waya mmoja mnene unarudi kwenye betri. Paneli yote, pamoja na swichi zake sita au nane, inashughulika na upande wa kwenda tu. Upande wa kurudi haupiti humo, isipokuwa kwa kijiwaya kimoja ambacho nitakieleza sasa hivi, kwa kuwa ndicho kinachowavuruga watu.

Geuza paneli utazame mgongo wake. Waya mmoja mnene mwekundu unaingia, kisha vipande vifupi vya waya vinaruka kutoka fyuzi hii hadi ile. Hapo ndipo chanya inapogawanywa. Kila fyuzi inalisha swichi yake. Na kama swichi ina kitaa kidogo cha kuonyesha kwamba imewashwa, kwa kawaida ina pini tatu. Pini moja inapokea chanya kutoka kwenye fyuzi. Nyingine inatoa chanya kwenda kwenye taa za kabini. Ya tatu, ambayo mara nyingi ina rangi ya dhahabu wakati wenzake ni wa rangi ya fedha, ni hasi ya kile kitaa kidogo na si kitu kingine. Kijiwaya chembamba kinatoka kwenye pini hiyo hadi kwenye shaba ya hasi. Hasi ya taa za kabini haiji hapa kamwe.

Sasa mtu anaona pini tatu, mkononi ana chanya ya taa na kijiwaya cha shaba ya hasi, anapata mawazo. Anafunga chanya ya taa kwenye pini ya dhahabu, na kijiwaya cha shaba ya hasi kwenye ile pini ya kutoa. Swichi ikiwa imezimwa, kimya. Akiibonyeza, chanya na hasi zinakutana ndani ya swichi moja kwa moja bila taa yoyote katikati. Fyuzi inakatika papo hapo. Anaweka nyingine, nayo inakatika. Anaamua kwamba fyuzi ni ndogo, anaweka kubwa. Kuanzia hapo hilo ni suala la moto.

Kosa la pili ni jepesi zaidi: kitaa cha swichi kinawaka usiku na mchana hata ukizima, ingawa taa za kabini zinazima kama kawaida. Hapo pini ya kupokea na ya kutoa zimebadilishana. Geuza waya hizo mbili, basi. Watengenezaji hawapangi pini zao sawasawa, kwa hiyo usitegemee rangi peke yake. Swichi ikiwa nje, tumia mita ya kupimia umeme. Pini mbili zinazoungana ukiwasha na kuachana ukizima ndizo njia ya umeme. Iliyobaki ni ya kitaa. Kisha peleka hasi ya betri kwenye pini ya kitaa, na uguse pini moja kati ya zile mbili kwa waya wa chanya wenye fyuzi. Kitaa kikiwaka pale tu unapowasha swichi, hiyo uliyogusa ndiyo pini ya kupokea.

Kuhusu fyuzi, kuna imani iliyoenea kwamba inalinda taa. Inalinda waya. LED haiwezi kuvuta umeme wa kuchoma waya hata ikitaka. Kinachochoma waya ni shoti, pale plastiki inapokwaruzwa kwenye taruma, yaani mbavu za boti, na chanya ikagusana na hasi. Betri ya N70, ile ya ampia-saa 70 hivi, ikipigwa shoti inaweza kumwaga mamia ya ampia kwa mara moja. Waya mwembamba unapata moto na plastiki yake inaanza kudondoka kabla hujaifikia betri. Kwa hiyo ukubwa wa fyuzi unapangwa kwa kutazama uwezo wa waya. Kwa waya wa milimita za mraba moja na nusu na taa zinazokula ampia 2 au 3, fyuzi ya ampia 5 inatosha kabisa. Fyuzi bapa za aina ya gari zinatambulika kwa rangi: ya ampia 5 ni hudhurungi hafifu, ya 10 nyekundu, ya 15 bluu, ya 20 njano. Ukifungua paneli ukakuta zote ni njano, fahamu kwamba kuna mtu alichoka kubadilisha fyuzi akaacha kutafuta shoti. Na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyozungushiwa fyuzi iliyokatika itawasha taa, lakini boti imebaki bila kinga. Kwenye chombo chenye petroli, namwomba kila nahodha aikatae, hata kama wanataka kutoka usiku huohuo.

Fyuzi kuu iko karibu na betri kwa sababu ileile. Waya kati ya betri na paneli hauna mlinzi mwingine. Kanuni za ABYC, baraza la Marekani linalotunga viwango vya boti, zinataka fyuzi hiyo iwe ndani ya inchi 7 kutoka kwenye chanzo cha umeme, sawa na sentimita 18 hivi, isipokuwa kama waya umekingwa ndani ya mrija, ambapo masafa yanaweza kuongezwa. Boti zinazotengenezwa ufukweni hapa hazikaguliwi kwa kanuni hizo, lakini waya unaoungua hauulizi boti imeundwa wapi.

Tuje kwenye LED zenyewe, kwa sababu zina tabia ambayo balbu za zamani hazikuwa nayo.

Faida yake inaonekana kwenye hesabu. Tuseme kabini ina tepe tatu za LED, kila moja mita 2, za aina ya wati 4.8 kwa mita. Jumla ni wati 28.8. Gawanya kwa volti 12, unapata ampia 2.4. Ukitumia nusu tu ya betri ya N70, ambayo ni busara kwa uhai wa betri, una saa 14 na zaidi za mwanga. Balbu tatu za gari za wati 21 kila moja zingekula ampia 5.25 na kumaliza nusu hiyo kabla ya saa 7 kutimia. Kwa wavuvi wa usiku hiyo ni tofauti ya kurudi na betri yenye nguvu ya kupiga stata au kurudi kwa kasia.

Hasara yake imejificha ndani ya utepe. Utepe wa volti 12 umegawanywa vipande vifupi, na kwa kawaida kila kipande kina LED tatu zilizofuatana pamoja na rezista moja ndogo. LED nyeupe moja inachukua volti 3 hivi. Tatu zinachukua 9. Zinabaki 3, ambazo ni mzigo wa rezista, na kwa volti hizo 3 rezista inapitisha umeme ule ambao LED zinauhimili. Sasa washa injini yenye chaja, au acha sola ijaze betri mchana. Volti zinapanda hadi 14 na pointi. LED zenyewe zinachukua 9 na kidogo tu, hivyo rezista inabebeshwa karibu volti 5. Volti za boti zimeongezeka kwa asilimia 20, lakini umeme unaopita ndani ya LED umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Zinang'aa sana, mwenye boti anazisifu, na zinakufa moja baada ya nyingine zikiwa na madoa ya kuungua. Ndiyo maana utepe uleule uliodumu miaka sebuleni, kwenye adapta isiyobadilika, unakufa haraka baharini.

Dawa ni kununua taa zilizoandikwa volti 10 hadi 30, ambazo ndani yake kuna saketi ya kutuliza umeme, au kuweka kifaa cha kutuliza volti kati ya swichi na tepe. Mimi napendelea taa za kwanza hata kama bei yake ni kubwa, kwa sababu kila kifaa cha ziada ni viungo vinne zaidi vya kushika kutu. Jambo moja la kuangalia: baadhi ya vifaa hivi vya kutuliza umeme, hasa vya bei ya chini, vinapiga kelele kwenye redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini. Kabla hujafunga kwa skrubu, fungua redio kwenye chaneli ya 16, ondoa kizuia kelele ili usikie ule mkoromo wa kawaida, kisha washa na zima taa. Mkoromo ukibadilika, taa hiyo haifai karibu na redio. Chaneli ya 16 ndiyo ya kuitia msaada. Haifai kuzibwa na taa ya kabini.

Wenye injini ndogo za kuvuta kamba wanahitaji onyo lao. Nyingi kati ya injini hizo zina koili ya taa inayotoa umeme wa kupandapanda na kugeuka upande, tofauti na wa betri. Balbu ya zamani ilivumilia. LED ikiungwa moja kwa moja hapo itameta na kufa. Umeme wa koili lazima upite kwenye rektifaya, kifaa cha kuufanya uende upande mmoja, na kidhibiti, uende kwenye betri, na taa zichukue kutoka kwenye betri.

Sasa unene wa waya. Kwa kuwa LED inakula kidogo, watu hudhani waya wowote unatosha, hata ule wa spika. Tuhesabu. Paneli iko kwa nahodha upande wa tezi, yaani nyuma, na taa ya mwisho iko omo, mita 7 mbali. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 14. Wengi hupima mita 7 na kusahau nusu ya pili, ule mweusi tena. Waya wa shaba wa moja na nusu wenye urefu huo, ukibeba ampia 2.4, unapoteza volti 0.4 hivi, karibu asilimia 3. Hiyo inakubalika. Waya wa spika wa nusu milimita ya mraba ungepoteza zaidi ya volti moja. Rudi kwenye rezista yetu: ilihitaji volti 3, sasa imebakiwa na 2. Taa za omo zitafifia waziwazi huku za karibu na paneli ziking'aa, na mtu atasema LED ni feki.

Waya wa nyumba, ule mgumu wa uzi mmoja, usiupakie kwenye boti. Injini inatikisa, mawimbi yanatikisa, na uzi mmoja ukipindwa mara nyingi unakatika ndani ya plastiki bila kuonekana. Tafuta waya wa nyuzinyuzi, na ukiweza, ule ambao nyuzi zake zimepakwa bati. Tofauti utaiona siku utakapokata waya wa kawaida uliokaa baharini misimu miwili. Menya plastiki: ncha ni nyeusi. Menya zaidi, bado nyeusi, inapukutika kwa kucha. Unaweza kupanda juu urefu wa kiganja kabla ya kukutana na shaba yenye rangi ya shaba. Maji ya chumvi yanaingia kwenye ncha na kupanda katikati ya nyuzi chini ya plastiki, mahali jicho halifiki. Waya uliopakwa bati unachelewa sana kufika hapo.

Ndiyo maana viungo ni roho ya kazi hii. Kusokota waya kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi ni kuitengenezea chumvi chumba chake. Kulehemu peke yake nako hakutoshi: risasi inapanda kwenye nyuzi na kuzifanya ngumu, kisha waya unakatika pale ugumu unapoishia. Bana ncha kwa lagi, kile kichwa cha chuma cha kuvalishwa ncha ya waya, na koleo lake, vuta kwa nguvu uone kama inatoka, kisha funika kwa mrija wa plastiki unaosinyaa ukipashwa moto, ule wenye gundi ndani. Waya ufungwe kwenye mataruma kila baada ya shubiri mbili, juu ya usawa wa ngama, na mahali unapopita kwenye tundu la ubao au faiba uvalishwe mpira. Ukiwa unafanya haya, hasi ya betri iwe imefunguliwa na mfuniko wa injini uwe wazi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala chini kwenye ngama, na cheche ya waya mmoja inatosha.

Shaba ya hasi iwekwe mahali pakavu panapofikika, nyuma ya paneli au kando yake. Kila taa, au kila kundi la taa, ilete waya wake hapo. Usiunge hasi ya taa ya omo kwenye hasi ya pampu ya maji kwa sababu tu ilikuwa karibu. Siku pampu inapovuta ampia zake, taa zitafifia, na kiungo cha pampu kikioza, vyote viwili vinakwenda pamoja. Andika jina kwenye kila waya ncha zote mbili. Fundi atakayekuja mwaka kesho si lazima awe wewe.

Taa za kabini zipewe swichi na fyuzi yake peke yake, mbali na taa za safari. Ile nyekundu ya kushoto, ya kijani ya kulia na nyeupe ziko chini ya kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini za mwaka 1972, na utepe wa dukani haukuundwa kwa kazi hiyo. Kanuni ya 20 inagusa hata taa za ndani: usiku chombo hakitakiwi kuonyesha mwanga mwingine unaoweza kuchanganywa na taa hizo au kuvuruga uangalizi. Utepe mweupe mkali unaomwagika nje kupitia dirishani unafanya yote mawili. Jicho la nahodha linahitaji nusu saa hivi kuzoea giza vizuri, na taa nyeupe ya ghafla inaufuta uzoefu huo mara moja. Nje ya ghuba, kuelekea Yambe na Ulenge, unapita kati ya ngalawa ambazo pengine taa yake ni tochi ya mkononi. Weka swichi ya pili yenye taa nyekundu hafifu kwa mahali pa usukani, na nyeupe ibaki kwa kupanga nyavu na kuhesabu samaki mkiwa mmetia nanga.

Wakati mwingine LED inabaki na mwanga kidogo hata swichi ikiwa imezimwa. Haina jini. Swichi ya aina ile yenye pini mbili na kitaa ndani huvujisha umeme mdogo, au kuna unyevu wa chumvi kati ya pini. Balbu ya zamani haikuonyesha kwa kuwa ilihitaji umeme mwingi, LED inaonyesha. Fungua mgongo wa paneli, osha pini kwa maji yasiyo na chumvi, kausha kabisa, paka grisi kidogo.

Kazi ikiisha, washa taa zote na uchukue mita. Pima betri: tuseme 12.5. Pima kwenye taa ya mwisho kule omo: 12.1 ni sawa, kama tulivyohesabu. Ikisoma 11.4, kuna kiungo kinachokula umeme. Anza na upande wa kurudi. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri, na nyekundu kwenye hasi ya taa, taa zikiwa zinawaka. Utahitaji waya mrefu wa kurefusha ncha moja. Waya mzima utakupa 0.2 hivi. Ukikuta 0.9, rudi nyuma na ncha nyekundu kiungo kwa kiungo kuelekea shaba ya hasi. Mahali namba inaposhuka ghafla, umepita kiungo kibovu sasa hivi. Kikate, menya hadi kwenye shaba safi, bana lagi mpya, pima tena. Halafu fanya vivyo hivyo upande wa chanya, ukianzia kwenye betri, fyuzi kuu, paneli, swichi, hadi omo.